Bibi Harusi wa Shule ya Wavulana

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya wavulana hapa Kakuma, na kwa kuwa nina sauti kubwa na mdomo usio na breki, nilikabidhiwa pia chama cha drama. Hakuna aliyeniuliza. Mkuu wa shule alinitazama katika mkutano wa walimu akasema, "Mwalimu Akiru, wewe utafaa," na wenzangu wakapiga makofi upesi kabla sijafungua kinywa. Tangu siku hiyo nimejua jambo moja kuhusu wavulana. Ukiwaambia unatafuta mtu wa kuigiza jambazi, rais au simba, mikono inajaa hewani. Ukisema unatafuta mwanamke, kila mmoja anakumbuka kwamba ana kazi ya hesabu hajaimaliza.

Mwaka huu nilipata bibi harusi bila kuvutana na mtu. Alikuja mwenyewe. Ekwam wa kidato cha tatu, mvulana mwembamba mwenye sauti ambayo ilikuwa bado haijaamua kukaa wapi, aliniletea mchezo aliotunga yeye. Ulimhusu mwanamke wa Kiturkana anayengoja harusi yake mpaka watoto wake wanaota ndevu.

"Na huyo mwanamke ni mimi nitaigiza, Madam," aliniambia. "Wengine watacheka-cheka waiharibu."

Niliusoma wakati wa mapumziko, nikaurudia, chai ikapoa mbele yangu. Sikuhitaji kuuliza hadithi ilikuwa ya nani.

Mama yake, Akon, anauza chapati na maharagwe karibu na lango la shule, na nusu ya walimu tumenenepeshwa naye. Baba yake, Losike, ni dalali wa mbuzi, leo yuko Kakuma, kesho Lodwar, kesho kutwa yuko kule Lokiriama mpakani ambako ndugu yake huchunga mifugo yao. Ni mtu mzuri, mcheshi, watoto wake wote wanasoma. Mifugo ya mahari aliipeleka zamani kwa wakwe zake, na hakuna anayemdai hata kwato. Lakini kwetu mahari peke yake si ndoa. Siku ya harusi bwana harusi huja na ng'ombe dume, akamchoma mkuki mbele ya boma la wakwe, na mpaka ng'ombe huyo aanguke, mwanamke si mke wa mtu hata kama ana wajukuu. Haruhusiwi kuvaa alagama, ile pete kubwa ya chuma inayozunguka shingo, ambayo ukiiona tu unajua huyu ameolewa. Na watoto wake ni wa kwao mama. Ekwam, ambaye baba yake humlipia karo na kumnunulia viatu, katika mazungumzo ya ukoo alikuwa bado mtoto wa mjomba wake.

Losike kila mwaka alikuwa na sababu. Mwaka wa ukame alisema ng'ombe wamekonda, na utamchomaje mkuki mnyama anayejiangukia mwenyewe. Mwaka wa mvua akasema tungoje wanenepe. Waliponenepa akasema barabara ya Lokiriama imekatwa na mafuriko. Akon alikuwa akigeuza chapati zake na kutuambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini langu limezoea." Tulicheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo kuliko sisi.

Kwa hiyo nilimwita Ekwam nikamuuliza wazi anataka nini na mchezo huu.

"Baba ameahidi kuja Lodwar siku ya mashindano," alisema. "Nataka aone."

"Aone nini?"

"Aone mama akivaa alagama. Hata kama ni mimi nimekuwa mama. Akishaona jinsi inakaa, labda..."

Nilimwambia jukwaa si baraza la wazee. Nilimwambia baba wa mtu si wa kuanikwa mbele ya halaiki, na kwamba Losike akikasirika nyumba ile haitakuwa na ng'ombe wala na baba. Mimi huwa nasema sana ninapoogopa. Ekwam alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, kisha akasema, "Akikasirika nitajua, Madam. Sahi sijui." Nikapanga siku ya mazoezi.

Bwana harusi alikuwa Akuei, Mdinka mrefu kutoka kambini, ambaye aliposikia kwamba mchezo mzima unagombania ng'ombe mmoja alishangaa sana. "Madam, kwetu ng'ombe moja ni salamu tu," alisema. Ng'ombe mwenyewe alikuwa Longor. Mvulana huyu ni mzito wa masomo lakini akinyanyua mikono juu kuifanya pembe, jinsi wanaume wetu wanavyofanya wanapocheza na kumwimbia dume wao, utatafuta mahali pa kumfunga kamba. Alimpa ng'ombe wake jina, akamtungia wimbo, akajifunza kufa. Alikuwa anakufa kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoishi, na kila nikimwambia apunguze alikuwa akinuna.

Mavazi na vifaa vilikuwa mikononi mwa Abdifatah, Msomali aliyezaliwa hapa Kakuma, ambaye mama yake Hodo anauza vitambaa katika soko la kambini. Hakuna kitu anachopewa Abdifatah kikapotea. Anakunja, anahesabu, anafunga, anaandika majina ya wenyewe. Alizunguka kwa kina mama wa Kiturkana akaazima shanga, na kila mama alimpa akimwambia azitunze kama macho yake, kwa sababu shanga zetu hazivuliwi ovyo. Mwanamke akivua shanga au alagama mbele za watu ni kwamba ana msiba.

Alagama ilitoka kwa Akon mwenyewe. Mama yake alimtengenezea alipopelekewa mahari, kwa matumaini kwamba ng'ombe atafika mwezi unaofuata. Mama huyo amekufa, pete ikabaki ndani ya sanduku la bati, imefungwa katika kitambaa cha kichwa. Akon aliileta shuleni akaniwekea mezani.

"Heri ivaliwe na mtoto kwa mchezo kuliko kulala kwa sanduku," alisema, na kabla sijamshukuru alikuwa amesharudi kwenye moto wake.

Nilimpa Abdifatah nikamwambia hii ni ya mwisho. Yeye akaelewa kwamba ni ya thamani. Nilichomaanisha ni kwamba ni ya onyesho la mwisho. Katika mazoezi tulikuwa tunatumia mpira wa baiskeli uliokatwa, na Ekwam alikuwa akijivalisha mwenyewe baada ya Longor kufa, kwa hiyo sikufikiria kwamba kuna la kueleza zaidi.

Tuliondoka Kakuma alfajiri na basi la shule, wavulana wakiimba njia nzima mpaka dereva akawaomba wabadilishe wimbo. Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa shule moja ya wasichana mjini Lodwar. Joto lilikuwa lile la Lodwar ambalo wenyeji hatulitaji, tunalipisha tu njia. Majaji watatu walitoka nje ya kaunti, na maskini wale walikuwa wamevaa tai. Ndani walikaa wanafunzi na wazazi. Madirishani walijaa watu wa mjini, maana Lodwar ikisikia ngoma haiulizi kiingilio: waendesha boda boda, vijana wa kubeba mizigo, na kina mama wa sokoni wakiongozwa na Namuria, muuza samaki wa Kerio ninayemfahamu tangu utoto wangu, mwanamke ambaye akikohoa soko zima linageuka.

Akon alikaa safu ya tatu, amevaa leso mpya. Losike niliyemtafuta kwa macho sikumwona mpaka karibu zamu yetu, ndipo nikaona kofia yake katika dirisha la nyuma, katikati ya boda boda. Nilimwonyesha Ekwam kwa kidole. Mtoto akaenda kuvaa.

Mimi kwa kawaida hukagua kila mtu kabla hajapanda jukwaani, mpaka vifungo. Siku hiyo karani wa ratiba alikuja kuniambia tumesogezwa mbele kwa sababu shule moja haijafika, na mimi sikubali kusogezwa kama kiti. Tulibishana nje ya mlango kwa ari kubwa. Nilikuwa nashinda. Niliposikia ngoma yetu inaanza, nilikimbia ndani na ushindi wangu nikasimama pembeni mwa pazia, na hapo nikaona.

Ekwam alikuwa ameketi katikati ya jukwaa mbele ya kibanda cha makuti ya mikoma, akisaga mahindi juu ya jiwe, mwanamke anayengoja. Shanga zilimpanda mpaka kidevuni. Na chini ya shanga, iking'aa kwa sababu Abdifatah alikuwa ameisugua kwa majivu asubuhi nzima, ilikuwa alagama.

Kwa majaji haikuwa kitu. Kwa ukumbi ule mwingine wote ilikuwa sawa na bibi harusi kutoka na vyeti vya ndoa mkononi huku akilia kwamba hajaolewa. Kicheko kilianza kwa kina mama wa dirishani, kikaingia ndani, kikapita safu kwa safu. Ekwam alisema sentensi yake ya kwanza, ile ya "Mpaka lini nitangoja," na Namuria hakuweza kujizuia.

"Wewe msichana," aliita kwa Kiswahili ili majaji nao wasikie, "ng'ombe yako ilianguka wapi? Mbona sisi hatukukula nyama?"

Ukumbi uliangua kicheko. Nilimwona akipeleka mkono shingoni, akaigusa pete, akaelewa. Mkono ukashika vizuri, tayari kuivua, na kicheko kikakatika papo hapo. Bibi mmoja aliyekaa mbele alisema taratibu, "Atoi," kwa mshtuko. Kuvaa lilikuwa kosa, lakini kuvua ulikuwa msiba. Angeivua pale, angekuwa mjane mbele ya mama yake na baba yake, wote wawili wazima, na pete yenyewe ni ya mama.

"Usivue," nilinong'ona kutoka pazia, na kunong'ona kwangu kunasikika mbali.

Mkono ulishuka. Ekwam aliliacha jiwe la kusagia akainuka. Alikuja mbele mpaka ukingoni mwa jukwaa, na mwendo wake haukuwa ule tuliofanyia mazoezi. Ulikuwa wa Akon hasa, nyonga moja imechoka kuliko nyingine kwa kusimama siku nzima penye moto. Safu ya tatu, Akon aliweka kitambaa mdomoni.

"Mama zangu, nimesikia," alisema. "Mnauliza ng'ombe iko wapi. Hiyo swali si yenu. Ni yangu, nimeiuliza mpaka imezeeka. Niliuliza jua, ikaniambia ng'ombe imekonda. Niliuliza mvua, ikaniambia ngoja inenepe. Niliuliza barabara, ikasema imekatika." Hakupaza sauti, na ile sauti yake isiyo na makao ilikaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza. "Hii chuma mama yangu alinitengenezea nikiwa msichana. Imelala kwa sanduku mpaka sanduku imechoka. Leo nimeivaa mwenyewe, mbele ya watu, bila ng'ombe. Ni makosa, najua. Nichekeni. Lakini mkimaliza kunicheka mimi, mcheke kidogo mwenye ng'ombe."

Katika mchezo aliouandika hakukuwa na neno hata moja la hayo. Nimefundisha ulumbi miaka yote, nimesahihisha hotuba za watoto mpaka wino ukaisha, na pale penye pazia nilisimama nalia kama mtu anayekata kitunguu. Ukumbi ulikuwa kimya. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wetu ulikuwa Longor.

Longor alikuwa nyuma ya jukwaa akingoja onyesho la mwisho. Alisikia ng'ombe anatajwa, ng'ombe anaulizwa, ng'ombe anatafutwa, kisha kimya. Akaamua anaitwa. Aliingia mikono juu, akivuta pumzi kwa pua, akapiga mguu chini vumbi likatoka katikati ya mbao. Akuei naye, alipoona ng'ombe ametoroka, alitoka mbio na mkuki wake wa mbao, maana Mdinka hawezi kumwona ng'ombe anakwenda peke yake akatulia. Maonyesho matatu yakawa moja. Kina mama wakapiga vigelegele, Longor akauanza wimbo wa ng'ombe wake, na watu wa dirishani, wanaojua desturi kwamba wimbo wa dume hauachwi ukaimbwa na mtu mmoja, waliuitikia kwa nguvu ukumbi ukatetemeka.

Katikati ya furaha hiyo Namuria akageuka kumtafuta mwenzake wa kucheka naye, akakuta kofia anayoijua. Lodwar ni mji mdogo na dalali wa mbuzi hana siri sokoni.

"Losike," alisema, na nimeshawaambia kuhusu sauti yake. "Ng'ombe ya watoto imefika. Ya kwako bado inatembea kutoka Lokiriama?"

Walicheka boda boda, wakacheka wabeba mizigo, wakacheka wazazi ambao hawakumjua Losike ila walipenda namna alivyoulizwa. Akon aliinamisha kichwa. Mimi nilimtazama Losike usoni, na uso ule haukuonyesha kitu. Kisha kofia ikatoweka dirishani. Ekwam, akiwa juu ya jukwaa na pete ya mama yake shingoni, aliona kama nilivyoona mimi.

Alimaliza mchezo. Akuei alichoma, Longor alikufa kwa starehe zake zote, kengele ya muda ikalia, ikalia tena, na yeye bado alikuwa na mguu mmoja wa kurusha.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta Abdifatah amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, macho mekundu. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu njiani.

"Madam, wallahi sikujua," alinitangulia. "Kwetu bibi harusi anatoka amevaa dhahabu yote, shingo, mikono, kichwa, ndio watu waone ametoka kwa watu. Nikasema Mama Ekwam ametupa kitu yake ya maana, halafu tuifiche mpaka mwisho? Nikaona ni dharau."

Nilikaa kando yake. Mtoto alikuwa amekosea kwa heshima, na kosa la namna hiyo humgombezi mtu.

"Mwache, Madam," alisema Ekwam. Alikuwa ameketi sakafuni, shanga zimemlemea. "Nilitaka aone. Ameona. Ameenda."

Akon alikuja. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, akaigeuza ile pete kidogo shingoni mwake ikae sawa, akaitazama. "Kumbe inanitosha," alisema, akacheka, na kicheko hicho hakikuwa kidogo. Halafu akamfuta jasho usoni kwa ncha ya leso yake mpya.

Matokeo yalisomwa jioni. Tulikatwa alama za muda, kwa hisani ya Longor, tukawa wa nne, na wanaokwenda mbele ni watatu. Lakini jaji mkuu, tai imelegea sasa, alisema katika kazi yake yote hajaona mchezo uliotumia hadhira kwa ustadi namna ile. Kuwapanga waigizaji madirishani wakiwa wamevaa kama wauza samaki, alisema, ni ubunifu wa hali ya juu, na yule mama aliyeuliza kuhusu Lokiriama ana kipawa. Nikapewa tuzo ya uongozaji bora. Niliipokea kwa mikono miwili. Namuria alinipungia kutoka dirishani, nami nikampungia, mwigizaji wangu.

Tulikuwa tunapakia vitu ndani ya basi Losike alipotokea. Alikuja polepole kutoka upande wa sokoni, mikono mfukoni. Wavulana waliacha kupakia mmoja mmoja. Ekwam, aliyekuwa ameshavaa sare yake, alisimama wima.

"Ejok, Mwalimu," Losike alinisalimu.

"Ejok."

Akamgeukia mwanawe. "Hiyo maneno ya barabara kukatika. Nani alikuambia?"

"Ni wewe, Apaa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Losike alivua kofia akaitazama ndani, kama kwamba jibu liliandikwa huko. "Ng'ombe iko," alisema. "Miaka yote imekuwa iko. Mwalimu, shida haikuwa ng'ombe. Mwanaume anachoma mkuki akiwa kijana, watu wanaimba. Mimi nilichelewa kidogo, nikaona aibu. Sasa kwa sababu ya aibu nikachelewa tena. Nikiangalia, mtoto amekuwa mrefu kunipita. Nikasema nitasimama aje pale, bwana harusi na mvi, mtoto wangu amesimama nyuma na ndevu? Watu watacheka mpaka Kakuma ihame."

Dereva alizima injini asikie.

"Leo wamecheka," aliendelea. "Nimetoka hapo dirishani nikaenda sokoni, wakanifuata wanacheka. Boda boda wananiita Bwana Harusi. Mama wa mboga amenipa nyanya ya bure ya harusi. Nimezunguka Lodwar yote, nikijipima hivi, naona sijakufa." Alirudisha kofia kichwani. "Basi, aibu imeishia hapa Lodwar. Imebaki ng'ombe tu."

Aliyejibu ni mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya basi na sufuria zetu.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Mweusi. Ako na kiraka nyeupe hapa kwa tumbo."

"Pembe?"

"Zinaangaliana."

Akon alitikisa kichwa kidogo, jinsi anavyofanya akikubali bei ya unga. "Basi ilete," alisema, akaanza kupanga sufuria.

Safari ya kurudi waliimba wimbo wa Longor mpaka Kakuma, na dereva safari hii hakuomba chochote.

Ng'ombe aliletwa likizo ya Aprili, baada ya mvua ya kwanza, kwa miguu kutoka Lokiriama, na barabara haikukatika. Harusi ilikuwa kwa kaka yake Akon, ng'ambo ya mto mkavu wa Tarach. Ukoo mzima ulikuja. Walikuja pia wavulana wangu wote, na Akuei alifika na wajomba wawili wa kumkagua ng'ombe; walimzunguka kimya, wakasema si mbaya kwa kuanzia. Namuria alitoka Lodwar na samaki kikapu kizima, akaketi mbele kabisa, akaniuliza kama majaji watakuja.

Abdifatah alikuwa amesimama kando yangu, kanzu nyeupe, mikono yote miwili imeshika ile pete ndani ya kitambaa cha kichwa cha marehemu bibi yake Ekwam. Hakukubali mtu mwingine aibebe. Alikuwa amepata somo lake. Safari hii angeuliza.

"Madam, sasa?"

"Bado."

Akon alitoka ndani na wanawake wenzake, shanga mpaka kidevuni, shingo chini yake wazi.

"Sasa?"

"Bado, Abdifatah."

Losike aliingia uwanjani na mkuki. Mvi zake zilionekana, na nyuma yake alisimama mwanawe na vindevu vyake vitatu vya kujivunia. Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na Losike akacheka pamoja nao akiendelea kutembea. Mjomba wa Ekwam alisema kwa sauti, "Leo uchukue mtoto wako, anakula sana." Longor alinyanyua mikono akauanza wimbo. Ekwam aliupokea, na baada yake ukoo wote.

Ng'ombe mweusi aligeuza ubavu, mkuki ukaingia. Mnyama alipiga hatua chache, akapiga magoti, akalala upande wa kiraka cheupe. Hakuchukua muda kama Longor.

Ekwam hakumtazama ng'ombe. Alikuwa anatazama shingo ya mama yake.

Nilihisi kiwiko kikinigusa. Abdifatah alikuwa ameshafungua kitambaa.

"Madam," aliniuliza kwa sauti ndogo sana, "sasa?"

"Sasa," nilimwambia. "Mpelekee."